Mpanda Baiskeli Hushuka

Kuendesha baiskeli uzeeni si kazi. Kazi ni kuipanda, na balaa ni kushuka. Hapo katikati, ukishakaa kwenye tandiko na magurudumu yakashika mwendo, mimi na kijana wa miaka ishirini hatuna tofauti, ila yeye hana koti. Bahati mbaya watu wa kwetu Msanzi hawanitazami hapo katikati. Wananitazama pale dukani, nikirukaruka kwa mguu mmoja, mguu wa pili umenasa juu ya karia ukitafuta njia ya kurudi upande huu, na hukumu inatoka papo hapo: "Mzee, baiskeli sasa basi."

Mjukuu wangu ana bodaboda. "Babu, si unipigie tu nikupeleke?" Nilimpigia. Ilikuwa Julai, kipupwe kimeshika, na asiyeijua Ufipa hudhani baridi ya nchi hii imeishia Makete na Kilimanjaro. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na nyanda zetu ni majani matupu, hakuna msitu wa kuukata upepo unaotoka kusini-mashariki. Kijana akafungua mafuta. Nilifika Matai nimeganda katika mkao ule ule wa kukalia pikipiki, wakatafutwa watu wawili wa kuniteremsha na kuninyoosha. Kwenye baiskeli walau joto naliwasha mwenyewe.

Dawa ya baridi ni koti. Langu ni la mitumba, zito, linafika chini ya magoti, na bila shaka lilishonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya. Aliyelishona hakuwa na habari za cheni. Asubuhi moja ya ukungu nilikuwa njiani kwenda mnadani, vidole vimekufa ganzi, na kidole kilichokufa ganzi hakijui kama kimebana breki au kimeigusa tu. Nikasikia koti linanivuta chini taratibu. Cheni ilikuwa inalila. Kukanyaga mbele siwezi, kushuka siwezi, mwendo unaisha. Nikachagua pa kuangukia, na hapo ndipo namshukuru Mungu kwamba nilizaliwa Ufipa.

Kilimo chetu cha asili ni cha matuta ya duara. Mvua zinapoelekea ukingoni watu hulundika majani, wakayafukia kwa udongo, yakaoza humo yakawa mbolea. Maharage hupandwa juu yake, na msimu unaofuata tuta husambazwa ukapandwa ulezi. Wataalamu wa kilimo wamesifu ufundi huo kwa namna unavyorutubisha ardhi, lakini hakuna aliyeandika kuhusu ulaini wake kwa mzee anayetua kwa ubavu.

Mwenye shamba alikuja, mama kijana mwenye jembe begani. Akanikuta nimelala, baiskeli iko juu yangu, koti limetuunganisha. Adabu kwanza. "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Maharage yamestawi mwaka huu."

"Yalikuwa yamestawi," akasema.

Fundi baiskeli alikagua hali ile akaona kuna mawili, kukata koti au kukata cheni. Mama watoto aliijua bei ya vyote viwili. Akauliza kama hakuna kitu cha tatu kinachoweza kukatwa, macho yake yakiwa kwangu.

Tangu hapo nimeyapandisha cheo matuta. Nayatumia kwa kupandia. Naisogeza baiskeli pembeni ya shamba, nasimama juu ya tuta lililokwisha kuvunwa, na hapo mtambaa unakuwa chini vya kutosha kwa mguu kupita bila kuomba msaada. Nasikia wenzangu wa ng'ambo wanaopanda farasi wakiwa na umri huu huwekewa kijukwaa cha ngazi. Cha kwangu kina mbolea.

Farasi wenyewe ningewapata wapi? Dar es Salaam Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, lakini huku mnyama wa kupanda alikatazwa na mbung'o. Juu hapa ng'ombe wanastawi. Mapori ya chini yanayotuzunguka ndiyo yenye nagana, ugonjwa ambao David Bruce alithibitisha mwaka 1895, huko Zululand, kwamba unabebwa na inzi huyo. Mapema zaidi, mwaka 1866, David Livingstone aliingia bonde la Ruvuma na ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda, apate kuona ni yupi atakayestahimili kuumwa na mbung'o. Ngamia walikufa. Kila nikisimama mbele ya baiskeli huwalilia ngamia wale, kwa kuwa ngamia humpigia magoti anayetaka kumpanda. Baiskeli yangu ya Phoenix haijawahi kumpigia magoti mtu yeyote.

Livingstone huyo huyo alipita Ufipa mwaka 1872, ana miaka 59, mgonjwa, na mwandishi wa habari Stanley alikwisha kumsihi arudi kwao akakataa. Mfano mzuri kabisa wa mzee aliyegoma kukaa chini. Siutumii nyumbani. Mama watoto alifundisha historia, na anajua kifo kilichomkuta mzee huyo Mei 1873.

Natumia maneno ya daktari. Nilikwenda kwake na magoti yanayolia kila nikiinuka, nikijua nitaambiwa ni baridi yabisi, nipewe vidonge na marufuku. Vidonge nilipewa. Kuhusu baiskeli akasema gegedu la goti halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute wa kiungo, na ute huo husambaa goti linapokunjwa na kukunjuliwa. Kwenye baiskeli sehemu kubwa ya uzito wa mwili inabebwa na tandiko, goti linajongea bila mzigo mkubwa. Endelea, akasema. Nikamwomba aandike na kugonga muhuri. Akaandika, kisha akaongeza kwa chini: "Asianguke." Sehemu hiyo naikunja kwa nyuma ninapomwonyesha mama watoto.

Sasa imebaki kushuka. Huku kwetu mkubwa wako hasalimiwi ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unaiegesha, unainama, unapiga makofi taratibu kwa mikono miwili, na mikono miwili ikishafanya kazi hiyo hakuna wa kushika usukani. Ujanani njia ya Matai ilikuwa safari ya kushuka: mjomba huyu hapa, baba mkwe yule pale, mbele kidogo mzee wa kanisa na mkewe. Nilikuwa nachelewa kila niendako, na nilinung'unika.

Siku hizi naweza kwenda na kurudi bila mguu kugusa ardhi, na watu husema mzee ana nguvu. Si nguvu. Wa kunishusha wamekwisha. Wanaoshuka sasa ni wengine, wananishukia mimi, nami nawaitikia marahaba huku nikipita.

Amebaki mmoja. Anakaa mbele ya nyumba yake akiota jua, na akiniona kwa mbali anaanza kucheka kabla sijainua mguu, maana anajua kinachofuata. Nyumbani wamenishauri nipite njia ya nyuma, fupi na tambarare. Sipiti. Nafika mbele yake, nauinua mguu, unanasa kwenye karia, narukaruka, kiuno kinasema maneno yake, na yeye anangoja bila haraka hata kidogo. "Taratibu, kijana," huniambia. Nitampata wapi mwingine wa kuniita hivyo?