Kizuizi cha Kitanda

Anayedhani ukishamzibia mtoto upande mmoja wa kitanda basi usiku umekwisha, aje alale kwetu Port Bell asikie mabishano. Shemeji yuko Uingereza. Katutumia kizuizi chenye wavu, cha kuchomeka chini ya godoro. Majirani wamekuja kukitazama kama vile meli ya MV Umoja imetia nanga na mabehewa yake kutoka Mwanza.

Karatasi ya maelekezo nimeisoma peke yangu. Inasema ni cha mtoto wa miaka 2 hadi 5, awe anapanda na kushuka kitandani mwenyewe. Wetu hajafika miaka 2. Nikadhani hoja imekwisha. Mama mkwe akaniuliza karatasi hiyo imelea watoto wangapi.

Wote wanaogopa kudondoka. Kudondoka kwa kawaida kuna kilio na nundu, kukaisha. Mimi naogopa ule mwanya kati ya godoro na kizuizi: mtoto mdogo anaviringika, mwili unazama, uso unabanwa, hana nguvu ya kujinasua, wala hatoi sauti. Marekani walivitungia vizuizi hivi kanuni ya lazima mwaka 2012, na kubanwa huko kulikuwa sababu mojawapo. Nasi godoro letu ni la sponji, na ukingo wake umebonyea kwa miaka ya mimi kukaa hapo nikivaa viatu. Kizuizi kimesimama huku, godoro limekimbilia kule. Jirani akashauri tuuzibe mwanya kwa mito. Mito! Yaani tumwongezee mtoto cha kumziba pua.

Fundi wa vyuma naye akaja kupima, hakuna aliyemwita. Anataka kuchomelea nondo kuzunguka kitanda kizima. Nikamwambia gereza la Luzira liko hapo jirani, halihitaji tawi chumbani kwangu. Ndiye huyo huyo aliyemuuzia mtu kitanda cha ghorofa, mnunuzi akamlaza juu mtoto wa miaka 4, wakati huko juu halazwi aliye chini ya miaka 6.

Mimi nataka godoro dogo, gumu, sakafuni, mbali na ukuta. Halihitaji hata shilingi ya fundi. “Baba,” akasema mama mkwe, “mjukuu wangu alale chini, na wewe unafanya kazi bandarini?”

Tukaafikiana: mtoto analala chini, mlango unafungwa wageni wasione. Kizuizi tunakichomeka shemeji anapopiga simu ya video. Siku nyingine mke wangu anakaushia mukene, dagaa wetu, kwenye wavu wake, na Jumapili shemeji aliuliza mbona kitanda cha mtoto kina magamba.