Abiria Mwenye Mkia

Morogoro tunajisifu kuwa mji kasoro bahari. Mimi naongeza sifa nyingine: hapa hakuna anayekuuliza umebeba nini kwenye baiskeli. Nimeona kitanda cha tano kwa sita kikikatiza Mwembesongo, mwendeshaji haonekani, kitanda kinajiendea chenyewe. Nimeona magunia ya mkaa ya lumbesa yakipishana na mabasi. Mikungu ya ndizi za Kinole inaingia mjini kwa upande wa Bigwa, na mwenye nayo anafunga breki kwa soli ya kandambili. Nguruwe nimemwona amelazwa chali kwenye keria, miguu minne imefungwa, anawatukana wakazi wote wa Kilakala kwa lugha yake, na wakazi wa Kilakala wanaendelea na kahawa yao.

Lakini weka mbwa mdogo kwenye tenga, umfunge vizuri, umtandikie, upite naye taratibu pembeni mwa barabara. Mji wote unasimama. Kila mtu anageuka mshauri, askari wa usalama barabarani, na mchekeshaji.

Mbwa mwenyewe anaitwa Popi. Sikumwomba. Shemeji yangu mmoja, ambaye zawadi zake siku zote huhitaji kulishwa, alimletea mjukuu wangu mbwa huyo ndani ya boksi la viatu. Akaapa kwamba huyu ni mbwa wa Kizungu, hakui, atabaki saizi ya paka mpaka kufa kwake. Miguu yake ilikuwa na urefu wa vidole vinne. Alipobweka, majirani walidhani mlango unahitaji kutiwa mafuta.

Sasa mbwa, awe wa Kizungu au wa Kihonda, lazima achanjwe kichaa. Hilo sifanyii utani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na wanaoumwa mara nyingi ni watoto, kwa sababu ndio wanaocheza na mbwa. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha mbio hospitali, si kwa bibi wa dawa za kusaga. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ile ya kusini-mashariki iliyoingia kwenye mradi wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2010, kwa hiyo hatuwezi kusema hatujasikia. Basi mimi nikasema Popi atakuwa mmoja wa hao sabini. Shida ni kumfikisha. Sisi tuko Kihonda, na madaktari wa mifugo wako upande wa chuo kikuu cha kilimo, SUA, chini kabisa ya milima, na katikati hapo kuna Msamvu.

Daladala tusiijadili. Konda anayepakia abiria mpaka wanapumua kwa zamu alimtazama Popi akasema gari limejaa. Bajaji nayo ikakataa, na hapo sina ugomvi na mtu. Dereva ni kijana wa swala tano, na kwa wenzetu wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa yakigusa chombo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Siwezi kumtaka mtoto wa watu aoshe bajaji mara saba kwa nauli niliyokuwa nayo mfukoni. Wa bodaboda alikubali, ila kwa sharti kwamba mbwa akae mbele yake juu ya tangi la mafuta na mimi nibaki nyumbani. Kumtembeza kwa kamba nako hakuwezekani. Kila kona ya Kihonda ina mbwa wa mtaa anayejiona mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na Popi ana tabia ya kuwajibu.

Kinachoniuma zaidi ni panya. Ndiyo, panya. Hapo hapo SUA, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na baadaye makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Yule Magawa, mzaliwa wa hapa hapa, alipanda ndege akaenda Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya sabini, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na Waingereza. Wakiwa kazini panya hao wanapakwa mafuta ya kuzuia jua masikioni na mkiani. Mimi nimekula chaki ujana wangu wote, na siku ya kustaafu nilipewa saa ya ukutani isiyo na betri. Panya wa Morogoro anasafirishwa mpaka Asia, mbwa wa Morogoro anakosa usafiri wa kufika Mafiga!

Ikabaki baiskeli yangu, Phoenix. Nikaipeleka kwa fundi wa baiskeli chini ya mwembe, nikamweleza nataka abiria akae salama. Alinisikiliza kwa makini sana, kisha akaleta kreti la bia. "Mwalimu, huyu atakaa VIP." Nikamwonyesha mashimo ya kreti: mguu wa Popi unapita bila kugonga hodi, na chini ya mashimo yale zinazunguka spoki. Akaleta kiroba cha salfeti. Nikamuuliza abiria atapumulia wapi. Akasema, "Kwani safari yenyewe ni ya Dodoma?"

Tukaafikiana tenga dogo la mianzi, lililosukwa karibu karibu. Hapo wateja wote waliokuwa wakisubiri kuzibiwa pancha wakagawanyika vyama viwili. Chama cha mbele kikadai tenga lining'inie kwenye usukani ili mzee amwone mnyama wake. Chama cha nyuma kikajibu kwamba mbwa akigeuza shingo kutazama kuku, usukani unageuka naye, na mzee anaingia mtaroni. Ili kukata shauri nilitakiwa kujua uzito. Bucha hawakutaka hata nimalizie swali. Muuza vyuma chakavu ndiye aliyenipimia: kilo nne na ushee. Akauliza kama namuuza kwa kilo.

Chama cha nyuma kilishinda, na nadhani kilikuwa na haki. Keria ya Phoenix ni chuma cha watu wazima, imezaliwa kwa ajili ya mizigo. Tenga likisogezwa mpaka liguse siti, uzito unakaa kati, baiskeli haiyumbi. Fundi alilikaza kwa mpira wa tyubu uliochanwa, pande nne, akalitikisa mpaka baiskeli nzima ikaruka na tenga likabaki. Ubavuni, juu ya gurudumu, tukapigilia kipande cha plaiwudi kuzuia mkia usishuke kwenye spoki. Chini nikatandika kipande cha godoro kuukuu, kwa sababu matuta ya barabarani hapa yamejengwa na mtu aliyekuwa na kisasi na uti wa mgongo.

Mkanda ndio uliotuchelewesha. Kila mtu alitaka tumfunge Popi shingoni, maana mbwa hufungwa shingoni tangu enzi za mababu. Nikakataa kata kata. Mbwa aliyefungwa shingo akiruka nje ya tenga amejinyonga, na wewe uko mbele unapiga mluzi, huna habari. Nikachukua mikanda ya begi la shule la mjukuu, tukashona kitu kinachopita kifuani na nyuma ya miguu ya mbele, kisha kamba fupi mpaka kwenye sakafu ya tenga. Urefu wake ni wa kumwezesha kukaa, kulala na kugeuka, lakini usimfikishe ukingoni. Fundi alipomaliza alirudi nyuma, akatazama kazi yake, akasema hata mtoto wake hana mkanda wa namna hiyo. Sikujua kama ananisifu au ananishtaki kwa ustawi wa jamii.

Halafu kumzoesha. Hapa niliwaibia wale watu wa panya. Wao hupiga kamlio kadogo, panya akifanya sawasawa anapewa ndizi. Mimi nikaisimamisha baiskeli kwa stendi uani, nikamweka Popi kwenye tenga, nikapiga kengele, nikampa dagaa. Siku za mwanzo hatukwenda popote. Baadaye nikaisukuma kuzunguka nyumba, kengele, dagaa. Mwishowe nikapanda. Mke wangu alikuwa akitazama yote hayo kutoka jikoni, akapiga simu kwa dada yake Kilosa kumwambia mzee ameanza kuendesha baiskeli uani akilisha mbwa samaki. Njia yenyewe inafanya kazi, tena kupita kiasi. Siku hizi akipita muuza lambalamba na kengele yake, Popi anakwenda kukaa mbele ya gurudumu, udenda unamtoka, na haondoki mpaka alipwe.

Tulitoka kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Jua la Morogoro halina subira, na mbwa hatoi jasho la maana isipokuwa kwenye nyayo. Kupoa kwake ni kuhema tu. Panya wa SUA nao huingia kazini alfajiri kwa sababu hiyo hiyo. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu mpaka kifuani, barabara ina ubaridi, nami nilitegemea amani.

"Mwalimu shikamoo! Helmeti yake iko wapi?"

"Babu, mbona mjukuu ana manyoya?"

Msamvu nilishuka nikaisukuma baiskeli, maana pale malori ya Zambia, mabasi ya Dodoma na bodaboda wote wana haki ya kupita kwanza, na wote wanaitumia kwa pamoja. Kijana mmoja aliniambia kwa huruma kabisa kwamba nchi hii watu wanakosa nauli na mimi napandisha mbwa. Nikamkumbusha kuwa baiskeli ni yangu na anayekanyaga pedeli ni mimi. Hakushawishika.

Kilele chake kilikuwa Mafiga. Akanifikia muuza kuku, naye kwenye baiskeli. Kuku wamefungwa miguu, wamening'inizwa vichwa chini pande zote mbili za usukani, midomo wazi, mbawa zinaning'inia karibu na spoki. Akamtazama Popi aliyekaa kwenye godoro lake, mkanda kifuani, kanga ya bibi imemkinga jua. Akatikisa kichwa. "Mzee wangu, hapo unamtesa mnyama."

Nikamtajia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Akasema hiyo haijafika sokoni, ila kama nataka jogoo atanipunguzia.

Kwenye chanjo nilikuta wenzangu. Mbwa mmoja alikuja ndani ya salfeti, kichwa tu nje, macho yamemtoka. Mwingine alikuwa kwenye toroli, akishikiliwa na watu wazima watatu walioonekana kujutia uamuzi wao. Watoto wa shule walikuwa wakivutana na jibwa kwa kamba ya katani, na haikuwa wazi nani anampeleka nani. Wote walikuwa wameshakasirika njiani, kwa hiyo daktari alikuwa akidunga kwa mbinu za kijeshi. Popi alishushwa, akasikia mtu akigonga bilauri kwa kijiko, akadhani ni kengele, akakaa akisubiri dagaa. Sindano ikaingia na kutoka hajui. Akaandikiwa kadi: jina, jinsia, rangi, tarehe ya kurudi mwakani.

Na hiyo mwakani ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu Popi anakua. Vile vidole vinne vya miguu vimekwenda wapi sijui. Akisimama sasa anafika gotini, na kwenye tenga anaingia nusu, nusu nyingine inabaki barabarani. Nilimpigia shemeji kumuuliza habari za yule mbwa wa saizi ya paka. Akafikiri kidogo, akasema huenda ni maji ya Uluguru, yana madini.

Nimerudi kwa fundi chini ya mwembe. Amempima Popi kwa macho, akaniambia hapa tenga halifai tena, ninunue guta, na yeye analo moja lililotumika kidogo tu kubebea mchanga. Akataja bei. Nikamwomba apunguze, maana mimi ni mstaafu.

"Mwalimu," akasema, "kwa hela hiyo subiri tu akue vizuri, akubebe yeye."