Sarafu Ilifika Australia, Sisi Hata Kilwa Bado

Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu za shaba za Kilwa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Zilifikaje huko? Wataalamu wanabishana hadi leo. Kinachonishangaza mimi si safari ya sarafu bali uzito wetu wa kunyanyuka. Shaba isiyo na miguu imevuka Bahari ya Hindi, ilhali mkazi wa Dar es Salaam, mwenye miguu miwili na basi la alfajiri, yuko kilomita 300 hivi kutoka Kilwa Masoko na bado anasema "kule mbali." Likizo ikifika anarudi Zanzibar, apige picha mlango uleule wa Mji Mkongwe alioupiga picha mwaka jana. Ukimbana, atakwambia anaogopa usumbufu. Mimi nasema usumbufu haukwepeki. La busara ni kuchagua ulio na faida.

Penye watalii wengi, usumbufu huitwa foleni. Nyumbu wakikaribia kuvuka Mto Mara, magari hujipanga ukingoni kama daladala za Kariakoo, na aliyelipa dola zake huambulia kisogo cha mtalii mwenzake. Foleni haimkutanishi mtu na mtu. Kusiko na msongamano, kila mkosi huja na mwenyeji wake. Menyu ya huko ina vyakula kumi na viwili. Mhudumu atakusikiliza kwa adabu mpaka umalize kuchagua, ndipo aseme kuna wali samaki. Na kuku? "Kuku yupo, ila bado anatembea." Mwenye ufunguo wa ofisi ya vibali amekwenda mazikoni, na ufunguo amekwenda nao. Nahodha anasema mnaondoka sasa hivi, huku injini ya boti iko juu ya mkeka, vipande vipande. Lakini katika kungoja huko mgeni atapewa kigoda na kikombe cha kahawa, atafundishwa tofauti ya bamvua na maji mafu, na ataulizwa kwao wapi, kwa nani, na mbona hajaoa. Mteja wa foleni haulizwi hata jina.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya mtu asiye na watoto wadogo wala mama mzee wa kusafiri naye. Wana haki. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kusini pale Somanga, na aliyekwama huko hakuhitaji insha, alihitaji daraja. Basi mwenye familia aende kiangazi, abebe maji na dawa, wala asipange kurudi siku ileile. Wengine watauliza: tukipasifia Kilwa, si napo patajaa? Labda. Ila Kilwa Kisiwani kujaa si jambo geni. Msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji mzuri, wenye sultani mkarimu kiasi kwamba fakiri kutoka Yemen alipomwomba nguo alizovaa, sultani aliingia ndani, akazivua, akampa. Magofu ya mji huo yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Mahali hapo panajulikana tangu zamani. Tusiojulikana huko ni sisi.

Leo hakuna atakayekuvulia kanzu, na usiombe. Utavuka ule mkono mwembamba wa bahari, upande hadi magofu ya Husuni Kubwa, usimame kando ya birika la pembe nane lililochimbwa karne saba zilizopita, likiwa kavu kama koo lako. Hakutakuwa na mtu wa kukusukuma ili naye apige picha. Utakaa utakavyo, kisha utateremka kwenye boti na kurudi Masoko, na kwa bahati njema, kuku naye atakuwa ameshakamatwa.