Pembetatu za Trafiki

Kuanzia Juni hadi Agosti, Tarakea ya Rombo huamka ndani ya ukungu. Theluji iko juu huko kileleni mwa mlima, kwenye mita 5,895, na haishuki kuziba barabara kama Ulaya, lakini manyunyu ya Julai yanatosha kumwashisha taa dereva aliyetoka Moshi, tena saa tatu asubuhi. Msimu huu ndipo hujulikana sanduku la dharura la gari liliwekwa kwa ajili ya nani.

Ujerumani, gari bila sanduku la huduma ya kwanza ni kosa. Rombo nako sanduku lipo, sema lina majukumu mengi. Ichukuliwe Noah moja ya abiria iliyopasuka tairi kwenye kona. Bendeji ilikwishafungia mkungu wa ndizi, mkasi ulibaki nyumbani kwa dereva, na spiriti ilikoishia ni heri isiulizwe. Ilisalia plasta moja na risiti za mafuta. Mshale wa mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Jeki na vibao vya pembetatu vilikuwa chini ya magunia ya maharage, na juu ya magunia alikaa mama mmoja aliyeapa kutoshuka kwenye baridi ile.

Konda akafanya wafanyavyo wote: akakata matawi akayapanga barabarani. Bahati mbaya aliyakata kwenye masale ya mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani la watu, na kwa Wachaga sale ndilo jani la kuombea msamaha. Bibi mwenye kihamba akatokeza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa nyie mnaomba radhi kabla hamjagonga mtu?"

Noah hutoka Japani, na huko sheria inataka gari libebe kifaa cha ishara ya dharura, kwa kawaida kijiti cha moto mwekundu. Ukikikwangua kichwa kama kiberiti kinawaka dakika tano hivi, hata mvuani. Cha gari hili kilikuwa bado kimebanwa miguuni pa abiria wa mbele, miaka yote kikidhaniwa tochi iliyokufa. Kijana mmoja akafungua kifuniko kutafuta betri, akakwangua kidogo kuona.

Ukungu wote ukawa mwekundu. Lori lililokuwa likitoka mpaka wa nchi likasimama mbali kabisa, na yule mama wa magunia akawa wa kwanza kuvuka mtaro.

Magunia yakashushwa, jeki ikapatikana, ikamchana konda kidole. Mmoja akashauri unga wa kahawa, mwingine mafuta ya taa. Muuguzi aliyekuwa kiti cha nyuma akauvunja mkutano: akakandamiza jeraha kwa khanga safi, kimya, mpaka damu ikakata. Plasta ikapata kazi.

Pembetatu nazo zilionekana. Konda akataka kuzipanga, dereva akamaka: "We! Usichane hiyo nailoni, za trafiki hizo!"

Kizuizi cha mbele, trafiki akaziomba. Zikatolewa mbili, mpya, zinang'aa. "Safi, pita." Mtungi hakuuliza, baridi ilikuwa kali.