Boksi Langu Limeng'oka Meno

Mpwa wangu wa miaka 11 alilipindua boksi langu la kuchezea gemu kutazama chini kuna nini, na vitufe vyote 8 vikachomoka kwa mpigo, vikabaki vinaning'inia kwenye nyaya zake. Sebule ikanyamaza. Hapo tayari alikuwa ameshanichapa mara 6 kwenye gemu la mapigano la Tekken kwa pedi chakavu ambayo kijiti chake cha kushoto kimeliwa mpira mpaka kimebaki mfupa.

"Mjomba," akasema taratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba, "limeng'oka meno."

Dada akatokea jikoni na sinia. Akatazama. "Ndilo hilo la laki 3?"

Nilikuwa nimemwambia laki 1.

Na aliyefikwa na haya ni mtu aliyesoma. Kwa miezi 4 nilikesha nikilinganisha jostiki kama wenzangu wanavyolinganisha viwanja. Kuna madhehebu 3. Ya Japani ina tufe juu. Maarufu kuliko zote ni Sanwa JLF, laini, ukiigusa inakwenda, na mpinzani wake ni Seimitsu LS-32, yenye springi ngumu zaidi na mwendo mfupi zaidi. Ya Marekani, mtindo wa Happ, ina kichwa kama rungu dogo na vitufe vilivyobonyea katikati, kitu cha kumbi za gemu ambako watu walicheza kwa hasira. Ya Korea haina springi kabisa: mpini umevalishwa mpira mnene, ukiuachia, mpira wenyewe unaurudisha katikati. Wacheza Tekken wa huko ukiwatajia springi wanakuonea huruma.

Lakini kilichoninyima usingizi hasa ni jinsi jostiki inavyojua pande. Mle ndani mna swichi 4 tu, ilhali mpiganaji anakwenda pande 8. Hizo 4 nyingine zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kona. Ukiusukuma mpini konani unabonyeza swichi 2 kwa pamoja, na mashine inajumlisha chini na kulia kuwa chini-kulia. Kule chini kuna kibao cha plastiki chenye tundu la mraba, wenyewe wanakiita geti, ambacho kazi yake ni kuuzuia mpini usipitilize. Kona za mraba huo ndizo zinazoambia mkono wako, bila jicho kutazama, kwamba umefika. Ule moto anaorusha Ryu katika Street Fighter ni chini, kona, mbele, ngumi. Swichi unazisikia kabisa zikibofya. Nilikaa na jostiki tupu mapajani, haijaunganishwa na chochote, nikarusha moto hewani mpaka saa 8 usiku.

Kisha kuna lile la mkia. Mpini umeegemea katikati kama pembea, kwa hiyo ukiusukuma kulia huku juu, mkia wake kule chini unakwenda kushoto. Maana yake swichi ya kulia iko kushoto. Hili nililielewa vizuri sana, nikamweleza hata mke wangu aliyekuwa anasinzia, halafu nikaunganisha nyaya kinyume.

Vitufe navyo nilivichagua kwa mikogo. Sanwa wanatengeneza OBSF-30 na OBSN-30, vyote vya milimita 30, tofauti herufi moja. Cha N kinakazwa kwa nati. Cha F kina masikio mawili ya plastiki ubavuni: unakisukuma tunduni mwake, masikio yanajikunja, yakishapita upande wa pili yanafunguka na kushika kwa chini. Hakuna nati, hakuna spana. Nikachukua F. Kinachotakiwa ni paneli nyembamba tu, bati au plastiki ya milimita chache.

Boksi lenyewe nililiagiza kwa fundi seremala wa Keko, litengenezwe kwa mninga wa inchi 1, kwa sababu plaiwudi niliiona haina heshima.

Fundi alipoijaribu jostiki kwa chini, mpini haukufika juu. Tufe likakaa juu ya ubao kama yai kiotani, halisogei huku wala huku. Akachukua patasi akachimba upande wa ndani mpaka ukabaki wembamba unaofaa. Akauliza, "Bosi, na huku kwenye vitufe nisichimbe?"

"Hapana fundi. Hivi vinashika vyenyewe."

Havikushika. Masikio yalibaki yamebanwa ndani ya tundu la mninga, hayajafunguka, na kwa wiki nzima vitufe vilisimama kwa ukaidi tu, mpaka mtoto alipopindua boksi.

Mengine ni madogo. Tufe lilifunguka katikati ya pambano likabingiria chini ya kochi. Umeme ulikatika katika raundi pekee niliyokuwa naongoza.

Kuna moja tu ambalo silichekei. Gharama ya kuleta vile vidude ilizidi bei ya vidude vyenyewe, na kwenye dirisha la vifurushi niliulizwa ni gia ya gari gani. Kariakoo nitapata pedi 10 za bandia kabla ya adhuhuri, na mwezi hautaisha kabla hazijafa. Swichi moja tu, ndogo kuliko kiberiti, nilizunguka siku nzima nisiipate. Kijana mmoja fundi simu, anayeng'oa chipu kwa hewa ya moto bila mkono kutetemeka, aliigeuza jostiki yangu akauliza, "Kaka, hii inafunguka yote?" Inafunguka yote. Bisibisi moja, na kila kilichochakaa kinabadilishwa. Sisi tunaletewa vitu vilivyogandishwa ili vikifa tununue vingine, kisha tunaambiwa hatujui kutunza.

Jumatatu nikarudi Keko. Fundi alilipindua boksi, akayaona masikio, akanyamaza. Hakusema "nilikuuliza." Akasema, "Ubaki unene gani?"

"Milimita 3."

Akachomoa tepu mfukoni, akapima mara 2, akatoa penseli sikioni akachora. Nikaitazama ile tepu. Katika miezi yote 4 ya utafiti, mimi sikuwa nimeishika hata siku moja.