Jumamosi ya Kiingereza

Sheria ilibandikwa ukutani sebuleni kwa gundi ya unga wa muhogo. Jumamosi nzima, tangu kuamka hadi kulala, hakuna Kiswahili, hakuna Kifaransa, hakuna Kilingala: ni Kiingereza tu. Atakayeteleza atatoa faranga 100 kwa kila neno, na pesa zitaingia kwenye kopo la maziwa ya unga lililo juu ya kabati la vyombo. Mtunga sheria alikuwa binti mkubwa wa dada yangu, aliye mwaka wa tatu wa humanités, yaani sekondari, upande wa ualimu. Wadogo zake humwita Yaya. Mimi ni tantine wao. Tunaishi pamoja komuni ya Shari, hapa Bunia, na wiki ile mama yao alikuwa safarini, kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwangu na mwa Koko, bibi yao.

Yaya hakuitunga sheria ile kwa ujeuri. Mama yake hununua vitenge na sabuni Uganda. Hushuka Kasenyi, huvuka Ziwa Albert kwa boti hadi Ntoroko, kisha hupanda basi la Kampala. Kiswahili chake humfikisha gatini na sokoni, lakini karatasi za forodha na risiti za maduka makubwa zote ni za Kiingereza, naye hulazimika kumlipa mtu wa kumsomea. Tangu Kongo itie sahihi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 8 Aprili 2022, tunaambiwa kwamba njia zimefunguka. Zimefunguka kweli, ila lugha rasmi iliyoandikwa kwenye mkataba wa mwaka 1999 wa Jumuiya hiyo ni Kiingereza. Basi mama mtu alikuwa ameahidi: "Ukiweza kunisomea karatasi na kunisemea dukani, likizo kubwa tutakwenda wote." Mtoto gani angelala usingizi baada ya ahadi kama hiyo?

Na yafaa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ajue jinsi mtoto wa Bunia anavyokutana na Kiingereza. Kwanza ana lugha ya nyumbani kwao. Ana Kiswahili cha mtaani na cha kanisani, ana Kilingala cha muziki, ana Kifaransa cha shule. Kiingereza huja mwishoni, tena kwa kupitia Kifaransa, kwa sababu mwalimu hukieleza kwa Kifaransa. Vitabu havitoshi. Mwalimu huandika ubaoni, wanafunzi hunakili, na daftari ndilo linakuwa kitabu cha mwaka mzima. Mwisho wa safari upo mtihani wa taifa, Examen d'État, ambao siku yake ya lugha ni maswali ya kuchagua jibu moja kati ya yale yaliyopangwa. Mtoto anaweza kufaulu Kiingereza bila kufungua kinywa. Yaya anajua kugeuza vitenzi vigumu vya wakati uliopita hadi unashangaa, lakini hajawahi kumwomba mtu chumvi kwa lugha hiyo. Ndani ya daftari lake alikuwa na somo la familia moja ya London inayokunywa chai alasiri huku ikizungumzia mvua. Ndiyo maana Jumamosi ile alipanga tunywe chai saa kumi, chini ya mparachichi, kwenye meza yenye kitambaa.

Asubuhi nyumba ilikuwa kimya hadi jirani akachungulia kuuliza kama tumefiwa. Koko ndiye aliyegoma mapema. Alisimama mbele ya karatasi asiyoweza kuisoma, akasomewa, akasema, "Mimi nasali kwa lugha ambayo Mungu alinipa. Na sala nayo mtaitoza?" Akachukua kigoda chake, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Kijana wa pili alimaliza akiba yake yote kabla ya saa nne, akakimbilia uwanjani kucheza mpira. Tukabaki Yaya, mimi na kitindamimba wetu wa miaka minane, ambaye bado yuko shule ya msingi. Kiingereza chake chote kilikuwa vipande vitatu alivyoviokota barabarani kwa kuwapigia kelele askari wa Umoja wa Mataifa (MONUSCO) wa kutoka Bangladesh wapitapo na magari yao meupe: *good morning*, *please*, *thank you*. Alikuwa na noti moja ya faranga 100, ameikunja mara nne mfukoni, nayo ilikuwa ya mandazi ya Jumapili.

Saa nane hivi mbuzi wa jirani alikata kamba.

Yaya alikuwa ndani akipiga pasi kitambaa cha meza. Daftari lake alikuwa ameliacha wazi juu ya mkeka, chini ya mparachichi. Mimi nilikuwa jikoni, sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, iko kwenye mbabula, jiko la makaa. Mtoto akaja mlangoni, macho yamemtoka, akasema, "*Good morning!*" Nikamwitikia. Akasema, "*Please! Please!*" Nikadhani ni njaa, nikamwonyesha kwa kidole kwamba sombe bado. Akatimua mbio hadi kwa dada yake, na kutoka jikoni nikamsikia akirudia, "*Thank you! Thank you!*", na dada yake akimpongeza kwa matamshi mazuri. Aliporudi kwangu machozi yalikuwa yanatiririka na mkono umeshika mfuko wenye ile noti. Hapo nikaacha mwiko, nikamfuata.

Mbuzi alikuwa amekwisha kula familia ya London na chai yake. Alikuwa amekula vitenzi, akafuata zoezi la barua. Nilipomfukuza alikimbia na kurasa nyingine mdomoni kuelekea mtoni. Yaya akatoka, akaona, akalia kwa Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja, na hakuna aliyehesabu maneno. Harufu ya sombe iliyoungua ikatufikia sote palepale uani. Koko akaja kutoka nyuma ya nyumba, akamkumbatia mdogo aliyekuwa akitetemeka, akamuuliza kwa nini hakusema. "Sikuwa na Kiingereza cha mbuzi," akajibu, "na pesa ni moja."

Jibu lile bado linaniuma. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha insha cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukoloni, amesimulia jinsi wanafunzi wa Kenya walionaswa wakisema Kigikuyu karibu na shule walivyopigwa viboko, wakavishwa kibao cha chuma shingoni, na wengine wakatozwa faini ambayo hawakuimudu. Sijui hata mmoja katika nyumba yetu aliyekuwa amemsimulia Yaya habari hizo. Aliibuni faini mwenyewe, kwa nia njema, na ikafanya kazi ileile: mtoto aliona hasara inakuja na akanyamaza. Lugha haijengwi juu ya hofu ya kusema. Nalisema hili kama mlezi, na sirudi nyuma.

Jioni ile msaada ulitoka nyumba ya tatu. Kuna msichana pale, rika la Yaya, ambaye familia yake ilivuka Ziwa Albert mwaka 2018 wakati vijiji vya Djugu vilipokuwa vikichomwa. Alikulia kambi ya wakimbizi ya Kyangwali, ng'ambo Uganda, akasoma huko kwa Kiingereza. Waliporudi Bunia, shule moja ilimrudisha madarasa mawili nyuma kwa sababu hakujua Kifaransa. Alisikia kilio, akaja na taa, na wawili hao wakaketi kuyakusanya mabaki ya daftari. Yeye akasoma kwa sauti, Yaya akaandika. Kiingereza chake kina makosa ya sarufi ambayo Yaya aliyaona mara moja. Lakini anakisema kwa pumzi moja, bila kutazama juu kutafuta kanuni, na uwezo huo Yaya hana. Wakakubaliana: Kifaransa kwa Kiingereza, kila jioni, bila kopo.

Nikiwasikiliza nimejifunza kwamba utamaduni wa Kiingereza utakaomfaa binti yetu hauko London. Ukishuka kwenye basi Uganda, magari yanapita upande wa kushoto, kwa hiyo tazama kulia kwanza kabla ya kuvuka, kinyume cha hapa kwetu. Saa yao iko mbele yetu kwa saa moja nzima, na mfanyabiashara asiyelikumbuka hilo hukuta ofisi imefungwa. Binti wa Kiganda hupiga magoti kumwamkia mkubwa, hata kama dakika iliyotangulia alikuwa akisema Kiingereza safi. Haya yote Yaya ameyapata kwa rafiki yake, na ameyaandika kwenye daftari jipya lililonunuliwa kwa pesa za kopo. Noti ya mdogo haikuguswa. Mama yao alipofika, karatasi ya sheria ilikuwa imekwisha kubanduliwa, na jioni hiyohiyo Yaya alimsomea risiti za Kampala kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Wazazi wenzangu wa Shari, Mbunya na Nyakasanza, watoto waliorudi kutoka Kyangwali mnao mitaani kwenu. Waiteni nyumbani, wapeni kigoda na chakula, muwaache wakae na wenzao wa humanités. Nanyi walimu wakuu, kabla ya kumrudisha nyuma mtoto wa namna hiyo kwa sababu ya Kifaransa, mpeni saa moja kwa wiki asimame mbele ya darasa la Kiingereza aongee.