Mwongozo wa Kufuatilia Raga Ukiwa Mbebe

Kwanza panga saa. Wilaya ya Ileje, iliko Mbebe yetu, imepakana na Malawi, na Tunduma imegusana na Nakonde ya Zambia kiasi kwamba mtu anaweza kununua sukari nchi moja na majani ya chai nchi nyingine kabla maji hayajachemka. Malawi, Zambia na Afrika Kusini zote ziko nyuma yetu kwa saa moja. Mechi iliyoandikwa 17:00 kwa saa za Johannesburg, kwetu inaanza saa kumi na mbili jioni. Simu ikinasa mnara wa ng'ambo hujibadilisha saa bila kukuuliza, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uizime hiyo tabia. Wapo watu wazima, wenye akili zao timamu na mashamba yao, walioisoma saa ya Johannesburg kama ya kwetu, wakafika kwenye mechi mapema mno, wakasubiri, wakakata tamaa na kuondoka muda mfupi kabla ya kipenga. Kombe la Dunia la 2027 litachezwa Australia, na hapo hesabu inageuka: Perth iko mbele yetu kwa saa tano, Sydney kwa saa nane msimu huo. Mechi ya saa mbili usiku Sydney tutaiona saa sita mchana, mvua za kupandia zikiwa bado hazijashika.

Pili, banda umiza. Usimwombe mwenye banda akuwekee raga siku ambayo Simba au Yanga wako uwanjani. Hilo si ombi, ni uchokozi. Ligi yetu iko Azam, raga iko SuperSport ya DStv, na mwenye banda ana ving'amuzi vya kulipia, umeme wa kulipia na watoto wa kulisha. Mfuate katikati ya wiki. Msalimie vizuri, ulizia hali ya nyumbani, ndipo umuulize mwezi huu amelipia kifurushi gani, kwa maana si kila kifurushi kinafika kwenye chaneli ya raga. Kisha mpelekee watu waliokwisha kulipa kiingilio. Nimewasikia mashabiki wakilalamika kwamba mabanda hayaipendi raga, na malalamiko hayo nayakataa. Banda linaonyesha kile ambacho watu wamekilipia. Fainali ya 2023 kati ya Afrika Kusini na New Zealand ilianza saa nne usiku kwa saa zetu, Jumamosi, na mtu aliyemletea mwenye banda wateja kumi na wawili alikuwa na hoja nzito kuliko aliyemletea hotuba.

Sasa picha imetokea, na jirani yako anayeiona raga kwa mara ya kwanza anauliza: mbona wanakimbia mbele lakini mpira wanapasia nyuma? Usimcheke. Mjibu kwa ufupi umwache aangalie. Kwa mkono, mpira haupasiwi mbele. Ukiubeba mpaka nyuma ya mstari wa goli ukaugusisha chini, ni mguso, pointi 5. Mguso unakupa mkwaju wa nyongeza, pointi 2. Wapinzani wakifanya kosa unaweza kupiga penalti ipite kati ya nguzo mbili, juu ya mwamba, pointi 3. Wachezaji 15 kila upande, dakika 80. Yanayobaki atayauliza mwenyewe, na ukishindwa kumjibu jua kwamba na wewe hujaelezwa vya kutosha. Kuelezwa ndiko tunakokukosa.

Chukua nusu fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 21 Oktoba 2023, Afrika Kusini na England, jijini Paris. Taarifa ya michezo ya kwetu, ikiikumbuka raga kabisa, huisema hivi: Afrika Kusini 16, England 15, na sasa tuingie kwenye usajili. Mtangazaji anavuta pumzi mara moja tu. Lakini mechi ile ilikuwa na hadithi ambayo ingewanyamazisha wazee wa kahawa. Zikiwa zimebaki dakika kama kumi na moja, England walikuwa mbele 15–6 bila kufunga mguso hata mmoja. Pointi zote zilitoka mguuni mwa Owen Farrell. Afrika Kusini walionekana wamekwisha. Ndipo RG Snyman akafunga mguso, Handré Pollard akaongeza mkwaju, ikawa 15–13. Kisha ikaja skramu: watu wanane kwa wanane, mabega kwa mabega, vichwa vimefungana, kila upande unasukuma. Ox Nché alikuwa ameingia akiwa na nguvu zake zote. Skramu ya England ikavunjika, mwamuzi akanyoosha mkono, penalti. Pollard aliipiga kutoka karibu na katikati ya uwanja, ikapita.

Snyman, Pollard na Nché, wote watatu walianzia benchi. Mshindi wa mechi ile alikuwa kocha aliyepanga watu wake kwa ajili ya dakika ya sabini, na aliyeujua uchovu wa binadamu kuliko wenzake. Mkulima yeyote wa Mbebe aliyewahi kulimisha vibarua tangu alfajiri anaielewa hoja hiyo bila kuchorewa. Anachokosa ni mtu wa kumwambia. Wiki moja baadaye Afrika Kusini waliifunga New Zealand 12–11, pointi zote 12 zikiwa penalti nne za Pollard yuleyule, na kabla ya hapo robo fainali waliitoa Ufaransa 29–28. Mechi tatu za mtoano, pointi moja moja. Taarifa yetu ilizisoma kama bei za petroli.

Basi mtu anakimbilia podikasti. Fanya hivyo, ila kwa mpangilio. Kipindi cha saa moja kilichorekodiwa kwa ubora wa kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, kinakula megabaiti 58 hivi. Video ya muda huohuo inakula mara kadhaa zaidi. Pakua ukiwa mahali penye mtandao mzuri, ukienda mnadani au Tunduma, uje usikilize nyumbani ukipukuchua mahindi. Ukifungua The Rugby Pod ya Jim Hamilton na Andy Goode, au The Good, The Bad & The Rugby ambayo Mike Tindall ni mmoja wa waendeshaji wake, jua kwamba umeingia sebuleni kwa watu wanaojuana. Watacheka kwanza. Watakumbushana safari na vituko vya vyumba vya kubadilishia nguo. Mashabiki wengi wa huku hukizima kipindi hapo, wakisema wazungu hawa wanajiongelea wenyewe, na kwa sehemu wana haki. Lakini sogeza mbele. Hamilton alitumia miaka yake ndani ya skramu ya Scotland, Goode alikuwa mpanga mchezo na mpiga mikwaju wa England, na wanapoacha utani na kueleza kwa nini timu imepoteza mpira uliorushwa kutoka pembeni, hakuna mwalimu atakayekufundisha vizuri zaidi. Ukiwa na kifurushi kinono tazama Squidge Rugby kwenye YouTube, ambako Mwelshi mmoja mcheshi anaisimamisha picha na kukuonyesha mtu aliyesahau kumkaba mwenzake. Huo ndio uandishi wa michezo ninaouheshimu: unamwacha msikilizaji akiwa na macho mapya.

Usitegemee tu kwamba wenye podikasti hao watakufikisha Afrika. Julai 2025, mjini Kampala, Zimbabwe iliifunga Namibia 30–28 katika fainali ya Kombe la Afrika na kujikatia tiketi ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991. Namibia ilikuwa imekwenda kila Kombe la Dunia tangu 1999. Mfalme ameangushwa kwa pointi mbili, katika ardhi ya Afrika Mashariki, na aliyemwangusha ni nchi ambayo malori yanayopita Tunduma huifikia baada ya kuvuka Zambia tu. Redio za Ulaya zilisema sentensi chache zikarudi kwao. Hilo halinishangazi, kila mtu hupiga ngoma ya kwao. Kinachoniuma ni sisi tuliokuwa jirani na kiwanja. Vivyo hivyo mwaka 2012, Madagascar iliifunga Namibia 57–54 baada ya muda wa nyongeza, uwanja wa Mahamasina, Antananarivo, ukiwa umefurika. Pointi 111 katika mechi moja! Mtafute mtu mmoja wa mkoa wetu wa Songwe aliyeisikia mechi hiyo, usishangae ukirudi mikono mitupu.

Ukitaka raga kwa Kiswahili, soma Taifa Leo ya Kenya. Wao wanaiandika kama mchezo wenye haki ya kuandikwa, wana msamiati wao, na wanafuatilia klabu hata zinapofungwa. Hapo utakutana na Shujaa, timu ya Kenya ya wachezaji saba, ambayo tarehe 17 Aprili 2016 iliisambaratisha Fiji 30–7 katika fainali ya duru ya Singapore ya mashindano ya dunia. Fiji kwa raga ya saba ni kama Brazil ya enzi ya Pelé. Kocha alikuwa Benjamin Ayimba, na mwaka huohuo Collins Injera akawa mfungaji wa miguso mingi zaidi katika historia ya mashindano yale ya dunia kufikia wakati huo. Ayimba alifariki mwaka 2021 baada ya kuugua malaria, ugonjwa ambao kila nyumba ya Mbebe inaujua kwa jina na kwa gharama. Alistahili kujulikana huku akiwa hai.

Huku ukisoma, chuja. Vyombo vya eneo letu vina tabia ya kuikumbuka raga wakati posho hazijalipwa au viongozi wanapogombana. Habari hizo ni za kweli na lazima ziandikwe, wachezaji wana haki ya jasho lao. Ila mwandishi anayeripoti ugomvi wa ofisini bila kuwahi kukaa uwanjani dakika themanini anamfundisha msomaji kwamba raga ni kesi. Kwa kila habari ya ugomvi, tafuta moja ya mechi. Usipoipata, mwandikie mhariri, kwa jina lako, kwa adabu. Na ukiwa na hasira na mwamuzi, isome upya ile kadi nyekundu ya Sam Cane wa New Zealand katika fainali ya 2023 kabla hujafungua mdomo. Ilianza kuwa ya njano, ikapandishwa baada ya marejeo ya video kwa sababu bega lilikuwa limefika kichwani. Mwamuzi Wayne Barnes alistaafu siku chache baadaye na akaeleza vitisho ambavyo familia yake ilikuwa ikipokea. Shabiki anayemtishia mtoto wa mwamuzi hana nafasi katika banda letu, hata kama amelipa kiingilio cha mbele.

Mtu atakuambia raga si ya kwetu. Mjibu kwa historia kamili, usiikwepe. Ndiyo, ililetwa na walowezi. Chama cha raga cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1953, na British Lions walipita Nairobi mwaka 1955 wakaifunga timu ya Afrika Mashariki 39–12, kisha wakarudi 1962 na kushinda 50–0, wakati ambapo mchezo wote, pamoja na habari zake, ulikuwa mikononi mwa Wazungu na kwa Kiingereza. Lugha ile ndiyo iliyobaki hata baada ya wachezaji kubadilika. Uganda, timu ya Waafrika, ikatwaa Kombe la Afrika mwaka 2007. George Gregan, aliyekuwa nahodha wa Australia, alizaliwa Lusaka. Arusha na Dar es Salaam kuna klabu, Rhinos na Leopards. Mchezo ulishahama nyumba zamani. Masimulizi yake hayajahama.

Na yanaweza kuhama, kwa sababu kandanda ilihama hivyohivyo. Watu wa Ileje waliijua Simba na Yanga miaka mingi kabla ya kuziona, kwa sauti za kina Ahmed Jongo na Charles Hilary, kama Wakenya walivyomsikiliza Leonard Mambo Mbotela. Redio ndogo ya betri ilimpeleka mtu uwanjani huku amekaa juu ya kinu. Mtangazaji alieleza mpira uko upande gani, nani ameushika, nani anamkimbilia, na uso wa kipa ulivyokuwa. Raga inafaa zaidi kusimuliwa hivyo kuliko mchezo wowote ninaoujua, maana mambo yake hujenga polepole: mita tano, chini, mita tatu, chini, umati unainuka.

Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya mwongozo ni kazi. Baada ya kila mechi rekodi sauti yako kwa simu, dakika tano, kwa Kiswahili, bila muziki na bila kucheka peke yako. Sema matokeo mwanzoni, yasifichwe. Chagua tukio moja tu lililoamua mechi, ulieleze mpaka bibi asiyewahi kuiona raga alione. Majina ya wachezaji yatamke vizuri. Sikiliza watangazaji wa nchi zao kwanza. Usimtukane mtu. Ikiwa hukuielewa penalti, tafuta aliyeielewa kabla hujabonyeza kitufe. Tuma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, la ushirika wa kahawa, la vijana wa bodaboda. Anza na mechi za Zimbabwe za maandalizi, ili ikifika Oktoba 2027 wasikilizaji wawe wanayajua majina. Na atakayekujibu kwamba bado hajaelewa skramu, mpigie.